Bunduki Ambayo Bochaberi Hakuitaka

Tangu avunjike mtulinga, mfupa unaoshika bega, Bochaberi huvaa shati la kazi kwa kuanza na mkono wa kulia, polepole, kama anayemvisha mgonjwa. Akimaliza kufunga vifungo hukaa kidogo ukingoni mwa kitanda na kuutazama mlango. Kwa muda mrefu sasa hajaamka hata asubuhi moja akajiona amepumzika.

Ni askari wa wanyamapori katika hifadhi moja huko Suba Kusini, nyuma ya vilima vinavyotazamana na Kisegi. Hapo nyamera, kongoni na tohe, wote jamii ya swala, hulisha majani yaliyobanwa kati ya milima na mashamba ya watu. Sheria ya Kenya haimruhusu mtu kuwinda. Kwa hiyo swala wanaopigwa risasi hapo ni wale walioharibika tayari: aliyekatwa mguu na tanzi la waya, aliyejirusha kwenye ua akavunjika mgongo. Mnyama wa aina hiyo lazima mtu ammalize, na katika kituo chao mtu huyo ni Bochaberi. Hakuna aliyeigombania kazi hiyo. Aliipata kwa sababu chuoni alikuwa na shabaha kuwashinda wenzake, na kwa sababu wanaume wa kituo, wanaoweza kuzungumza juu ya majangili mchana kutwa, hukumbuka shughuli nyingine pindi swala anapolia.

Alizaliwa Ogwedhi, kwenye mpaka na Narok, mama yake Phanice akiuza ndizi kando ya soko la mifugo. Watu wa hapo waliwaita Wakisii wa kuja, ingawa Bochaberi hakuwahi kuishi kwingine. Siku moja fahali alianguka kutoka kwenye lori akavunjika mguu wa mbele. Askari mmoja aliyekuwa sokoni akatoa bastola yake, ammalize. Akapiga. Fahali akatikisa kichwa. Akapiga tena, na tena, na kila mlio ukiisha mnyama aliinua shingo na kujaribu kusimama, mpaka wachuuzi wakaanza kufunika bidhaa zao wasizitazame. Bochaberi, msichana mdogo mwenye beseni la ndizi kichwani, aliondoka hapo na imani moja ambayo hakuiacha: risasi ndogo ni ukatili.

Ndiyo maana, alipokabidhiwa kazi ya kumaliza wanyama, alichagua bunduki kubwa. Kituo kilikuwa na za aina tatu. Zile za doria hazikufaa, maana risasi zake zina kichwa kigumu na hupita mwilini mwa mnyama kama sindano, naye akaendelea kukimbia. Kulikuwa na ile kubwa iliyowekwa kwa ajili ya nyati, risasi yake nene kama kidole gumba. Na kulikuwa na ndogo, ya zamani, ya mbao nyekundu, iliyofika hapo pamoja na vitu vya mzungu fulani aliyekufa, ambayo wenzake waliiita bunduki ya njiwa. Bochaberi hakuigusa hata kuifuta vumbi. Alibeba ile ya nyati, na kwa miaka mingi mnyama akipigwa alianguka palepale.

Halafu pikipiki iliyombeba iliteleza kwenye matope, akaangukia bega. Mfupa uliunga ukiwa umepinda, ukaacha kivimbe pale ambapo kitako cha bunduki hukaa. Hospitalini walimwambia amepona. Hakubishana nao. Lakini bunduki ya nyati hupiga teke kama punda, na kila ilipompiga aliona nyota, kisha alikaa siku kadhaa akila kwa mkono wa kushoto. Hakumwambia mtu. Mwanawe Emmaculate anasoma Ogwedhi kwa bibi yake, na askari mgonjwa hatumwi doria. Huwekwa getini kukata tiketi hadi watu wasahau jina lake.

Akaanza kukosa. Mara ya kwanza haikuonekana, mnyama alikufa tu kwa kuchelewa. Mara ya pili alimpiga kongoni tumboni, karibu kabisa, mahali ambapo hata mgeni angepata. Kongoni akaruka ua na kuingia vichakani, na wakamfuata kwa damu mpaka jua likawa linazama. Walipomkuta alikuwa bado anapumua. Bochaberi alipiga tena, kisha akasema darubini ya bunduki imelegea.

Obare, mkuu wa kituo, mtu wa Karungu asiyependa maneno mengi, alimsikiliza akiwa amekunja mikono. Akamwambia darubini itengenezwe, na kwamba akimharibu mnyama mwingine atampeleka getini. Hakusema kwa hasira. Bochaberi angependa lau angekasirika. Usiku ule alijiuliza kama angeumia sana kuondolewa, akaona kwamba kuondolewa kusingemuuma. Kilichomuuma ni jinsi yule kongoni alivyokuwa akipumua. Nani angekuja baada yake? Wale wanaokumbuka shughuli nyingine?

Aliyetunza ghala la silaha ni Motari, Mkisii kama yeye, Mkatoliki mnene mwenye utani usioisha, anayemwita Msabato hata mbele ya wageni. Motari aliichukua darubini, akaifungua, akaifunga, akaichungulia. Haikuwa na kasoro. Siku iliyofuata alimwalika kwenye uwanja wa shabaha nyuma ya kituo, akasema waijaribu pamoja, na akajitolea kumjazia bunduki mwenyewe.

Bochaberi alilala kifudifudi, akaegemeza bunduki kwenye gunia la mchanga. Risasi ya kwanza ikalia, bega likawaka moto, na shimo likaonekana chini kabisa ya ubao. Alivuta pumzi. Akalenga tena, akabana kifyatulio.

Haikulia. Ilisikika tu tik, kama mtu aliyegonga kijiko mezani. Lakini mtutu uliinama. Bunduki haikupiga teke, hakuna chochote kilichoigusa, na bado mtutu ulizama chini kwa nguvu, na Bochaberi akajikuta amefumba macho, meno yameumana, bega limekimbilia nyuma.

Motari alikuwa amemchanganyia risasi moja isiyo na baruti.

"Darubini," Bochaberi alisema, kwa mazoea tu.

"Ile darubini ingekuwa na mdomo ingekushtaki kwa kuichafulia jina." Motari alichuchumaa karibu naye. "Dada, hukosi kwa sababu ya jicho. Mwili wako unaikimbia bunduki kabla haijalia."

Bochaberi aliketi kwenye nyasi. Alimwomba asimwambie Obare.

"Nimwambie nini?" Motari akasema. "Kwamba una bega?"

Aliingia ghalani, akarudi na ile ya mbao nyekundu, nayo ikiwa na darubini yake. Bochaberi alitikisa kichwa kabla hajafika. Motari aliiweka katikati yao hata hivyo, na kando yake akasimamisha risasi mbili, ya nyati na ya hii. Ile ndogo ilikuwa na ganda la kawaida lakini kichwa chembamba, kirefu. Alimweleza bila haraka: baruti ni ya kutosha, kichwa ni chepesi, kwa hiyo hukimbia sana na hurudisha teke dogo. Kwa nyati ni upuuzi na hatamruhusu mtu kujaribu. Kwa nyamera, kwa kongoni, kwa tohe, mpigaji akiwa karibu na akiwa ameituliza bunduki, inafika moyoni na kupasuka humo.

Ndipo Bochaberi akamsimulia habari za fahali wa Ogwedhi, ambazo hakuwa amewahi kumsimulia mtu yeyote wa kazini. Motari alisikiliza hadi mwisho, akaacha utani wake wote.

"Yule askari alimpiga wapi?"

Bochaberi aliyakumbuka yote vizuri mno. Taya. Nundu. Tumbo. Mara moja pembe, kipande kikaruka.

"Kila mahali," alisema.

Motari alimsukumia bunduki.

Wiki ile alifanya mazoezi nayo kila jioni. Risasi ya kwanza aliisubiri kama mtu anayesubiri kofi, na kofi halikuja. Alisukumwa kidogo tu begani, kama mtu anayeguswa na mwenzake kwenye foleni ili asogee. Hakuiamini. Ya pili hivyohivyo. Mwili wake mkaidi ulichukua siku kadhaa kukubali, na Motari aliendelea kumchanganyia zile zisizo na baruti, mpaka siku ambayo kifyatulio kilisema tik na mtutu ukabaki umetulia kama umepigwa msumari.

Ijumaa mchana simu ikapigwa na mama mjane ambaye shamba lake la viazi vitamu limegusa ua wa hifadhi, anayeitwa Min Byron kwa jina la mwanawe. Nyamera alikuwa ameketi katikati ya matuta yake na alikuwa hawezi kuondoka. Daktari wa wanyama, akiwa mbali, alitumiwa picha, akajibu kwa kifupi kwamba mguu huo umekwisha na mnyama asiachwe ateseke.

Obare aliendesha gari mwenyewe. Walipofika aliona Bochaberi anashuka na bunduki gani, akasimama.

"Hiyo ni ya kufukuza ngedere kwenye mahindi, madam. Kubwa iko hapa nyuma."

"Hii inanitosha, afande."

"Inakutosha wewe. Nyamera je? Ukimharibu, Jumatatu uko getini. Sitarudia."

Bochaberi aliitazama ile kubwa, imelala kwenye kiti cha nyuma ndani ya mfuko wake. Angeweza kuichukua. Hakuna ambaye angemlaumu kwa kuichukua, na akikosa nayo angalau angesema alitumia ya nyati. Alifunga mlango wa gari.

Watu walikuwa wameshakusanyika kwenye ua wa mikonge, wengine na visu, wengine na mabeseni, ingawa wote walijua kwamba nyama ya mnyama wa serikali huzikwa. Nyamera alikuwa jike. Waya ulikuwa umeukata mguu hadi kwenye mfupa na kwato ilining'inia kwa ngozi tu. Alimtazama Bochaberi akikaribia, akajaribu kuinuka, akashindwa, akageuza ubavu.

Bochaberi alipiga goti kati ya matuta. Akaweka kitako chini kidogo ya kile kivimbe, kama walivyojaribu na Motari. Kwenye darubini aliiona ngozi nyekundu ikipanda na kushuka, na nyuma kidogo ya mguu wa mbele, mahali pale. Alisubiri hofu yake ije. Haikuja. Akabana.

Na aliona. Jambo hilo Motari hakumtayarisha nalo, labda hakulijua. Kwa miaka yote bunduki kubwa ilikuwa ikimrusha nyuma na kumfumba macho, na alipoyafungua mnyama alikuwa tayari chini, kama kazi iliyofanywa na mtu mwingine. Hii ndogo haikumficha kitu. Aliiona ngozi ikitikisika risasi ilipoingia, aliona kichwa kikiinuka kana kwamba kimeitwa jina, aliliona jicho likiwa na nuru na kisha likiwa halina. Nyamera alilaza shingo juu ya majani ya viazi. Hakupiga hata teke moja.

Obare alikwenda kumgusa jicho kwa ncha ya fimbo. Jicho halikufumba. Akarudi taratibu akifuta viatu vyake.

"Sawa," alisema. "Kuanzia leo hiyo ni yako. Nyati nitamwachia Motari." Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, "Wanaofuata pia ni wako."

Bochaberi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amekipata alichokitaka, na alijua hapo hapo kwamba kila mnyama atakayefuata atamwona hivyohivyo, mpaka mwisho, macho wazi.

Watu walitawanyika wakinung'unika juu ya nyama kuliwa na funza. Kuchimba kulikuwa kazi kubwa kuliko kupiga, kwa maana ardhi ya pale ni nyeusi na hushika jembe. Askari wawili walipokezana naye, na Min Byron mwenyewe akaleta jembe lake, miguu peku, akalalamikia matuta yake yaliyokanyagwa. Jua lilizama wakiwa bado shimoni. Sabato ilikuwa imeingia. Ijumaa nyingine yoyote Bochaberi angeweka jembe chini. Leo alichimba tu, kwa mkono wa kushoto zaidi, hadi nyamera akafunikwa vizuri fisi wasimpate.

Min Byron alimletea maji kwenye kikombe cha plastiki. Alimtazama akinywa, akaligusa lile bega kwa kidole kimoja, pale pale penye kivimbe, kana kwamba amekiona kupitia shati.

"Iol, nyar Kisii?" alimuuliza. Umechoka, binti wa Kisii?

Katika kituo hakuna aliyewahi kumuuliza, na yeye hakuwa amewahi kusema. Alimrudishia kikombe.

"Aol, mama," alijibu kwa lugha ya mwenye shamba. Nimechoka, mama. Kisha akaitungika bunduki begani, lile la kulia, akaelekea kwenye gari.