Kocha wetu wa kitesurfing hakuwahi kulowa: yaliyotukuta Ziwa Kivu

Wakuu, poleni na majukumu.

Hii ninayoandika imenitokea mimi mwenyewe, si "rafiki yangu mmoja". Majina nimebadilisha, mengine yote yako kama yalivyokuwa. Atakayeona ni chai, aweke sukari anywe.

Mimi ni Mtanzania, mtu wa Mwanza, nipo Kigali kikazi miaka kadhaa sasa. Naishi Kabeza, huku karibu na uwanja wa ndege. Kazi yangu ni kukagua mizigo kwenye kampuni ya clearing, wale wa kutoa mizigo forodhani. Mtu akisema kontena lina viatu, mimi ndiye ninayekwenda kuangalia kama ni viatu kweli.

Kwa hiyo kushuku ndiko kunakonilisha. Na kwenye kazi yetu kuna utaratibu mmoja, naomba muushike maana ndio ulioniponza: ukimshuku mtu, humwambii. Unamchekea, unamwacha aandike tamko lake na kulitia sahihi, halafu ndipo unafungua kontena. Ukimwambia mapema anarekebisha, na wewe unabaki huna kesi.

Sasa tuingie kwenye mada.

Mke wangu nitamwita Claudine. Ni Mnyarwanda aliyekulia Bukoba, Kiswahili chake kinaninyoosha hata mimi. Anafanya kazi benki, kukaa kwenye kiti kuanzia asubuhi hadi jioni. Mwaka huu mwanzoni akaja na jambo jipya: anataka kujifunza kitesurfing.

Kwa wasiojua, ule ni mchezo wa kusimama kwenye ubao juu ya maji huku umevaa mkanda mpana kiunoni, mkanda umeunganishwa kwa kamba ndefu na tiara kubwa ya kitambaa iliyo angani. Upepo unavuta tiara, tiara inakuvuta wewe.

Nikamuuliza, "Kigali hii isiyo na bahari?"

Akasema, "Kuna kocha. Tunaanza mazoezi nchi kavu Kinyinya, tukishaiva tunakwenda Kivu. Kuna ghuba imetulia, imezungukwa na milima."

Machale yakanicheza hapo hapo. Lakini nikacheka, nikasema sawa mke wangu, twende wote.

Kinyinya wanajenga sana siku hizi. Kwenye kiwanja kimoja kitupu, nyuma ya maghorofa ambayo hayajaisha, ndipo nilipomkuta kocha. Tumwite Eric. Kijana mrefu, mchangamfu, raba nyeupe peee.

Sitamnyima haki yake. Tiara ndogo ya mazoezi aliiendesha kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ameshika sambusa. Mafundi waliokuwa juu ya jengo wakaacha kazi wakawa wanapiga makofi. Claudine naye alijifunza haraka. Akirudi nyumbani anaimba jikoni, kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu apandishwe cheo.

Labda hiyo nayo iliniuma kidogo. Sisemi hapana.

Siku moja baada ya mazoezi nikamsogelea Eric, nikamwambia, "Coach, ulijifunzia wapi?"

"Mombasa, boss. Pale iko upepo mingi sana."

"Ufukwe gani?"

"Ile ya hoteli."

Nikatabasamu. "Mlikuwa mnaingia maji yakijaa au yakipwa?"

Akaniangalia kama nimemuuliza kwa Kichina. "Tuliingia saa zote," akasema, akaenda kukunja kamba.

Wakuu, mtu aliyekaa pwani hata mwezi mmoja anajua maji kujaa na kupwa. Hata mimi wa ziwani najua. Nikaandika moyoni: tamko la kwanza, uongo.

Nikaanza kukusanya. Kwenye simu yake ana picha nyingi za watu wakiruka na tiara, yeye hayumo. Zile zenye sura yake amesimama kwenye nyasi. Mmoja wa wanafunzi wenzake Claudine alimuuliza ataleta lini video yake akiwa majini, akajibu kwamba kocha kazi yake ni kuona wengine. Kila kitu kilikuwa kinaelekea sehemu moja: huyu bwana hajawahi kuingia majini.

Nilimwambia nani? Nilimwambia Kamau, Mkenya tunayekaa naye meza moja ofisini. Nilimwambia kinyozi wangu. Kamau akasema, "Mwambie bibi yako leo leo." Nikamjibu tulia, nataka nimkamate mchana kweupe, mbele ya watu wote.

Claudine sikumwambia.

Ikafika Jumamosi ya kwenda Kivu. Haikuwa ile ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo hakukuwa na umuganda, ile kazi ya pamoja ya usafi, wa kutuzuia barabarani. Tulitoka gizani, sisi watatu tu kwenye gari langu, maana wanafunzi wengine walipata udhuru. Njiani sikuacha kumtazama Eric. Kwenye kioo nilikuwa naona anafuta viganja kwenye suruali. Mimi roho yangu ilikuwa inafurahi, nisiwadanganye. Nilijisikia kama siku ninayokwenda kukata lakiri ya kontena ambalo najua lina mzigo haramu.

Ghuba yenyewe ni nzuri, lazima niseme. Milima imeikumbatia pande zote, maji yametulia, mwambao una migomba mpaka karibu na maji. Mbele kuna mwanya unaotokea ziwa kubwa, na ng'ambo huko ni Kongo.

Usiku wa kuamkia safari nilikuwa nimesoma mtandaoni kuhusu mchezo huu. Jambo moja walilirudia kila mahali: usiingie upepo unapotoka nchi kavu kwenda majini kama hakuna boti ya kukufuata. Utakusukuma nje na hutarudi.

Juu ya mlima kulikuwa na mtu anachoma majani shambani. Nikatazama moshi. Unapita juu yetu, unakwenda ziwani. Unakwenda Kongo.

Boti hakuna.

Nikamuuliza Eric, kwa upole kabisa, "Coach, upepo huu uko sawa?"

"Iko sawa, boss. Hapa milima inafunga. Upepo inazunguka tu ndani."

Tamko limetiwa sahihi. Nikanyamaza.

Claudine alivaa life jacket, akafunga mkanda. Ubao hakuchukua, siku ya kwanza walikuwa wanajifunza kuvutwa na tiara ukiwa umelala kwenye maji. Eric akamshikia tiara pembeni, Claudine akanyoosha kidole gumba kuonyesha yuko tayari, Eric akaiachia. Ikapanda vizuri. Mke wangu akavutwa, akapiga kelele za furaha, nami nikampungia mkono.

Pale karibu na mwambao upepo ulikuwa mdogo kwa sababu ya mlima. Alipofika katikati ukamshika. Nikamwona anaongeza mwendo, anavuta mpini huku na huku, hageuki. Akafika kwenye ule mwanya. Hapo upepo ukayumba ghafla, tiara ikaanguka majini, ikalala. Kila akijaribu kuiinua inapiga maji na kurudi chini. Na bado anasogea nje, polepole, na ile tiara inaburutwa mbele yake.

Eric alikuwa amesimama maji yamefika kwenye kifundo cha mguu. Raba amezivua, kwa mara ya kwanza. Anapaza sauti, "Vuta kushoto! Kushoto!" Hasikiki.

Sasa wakuu, nisikilizeni nilichofanya.

Mimi najua kuogelea. Si bingwa, lakini nimekulia Mwanza. Life jacket ya pili ilikuwa kwenye buti la gari. Na juu ya ghuba kulikuwa na nyumba za watu, ningeweza kukimbia kuita.

Badala yake nikamgeukia Eric. Nikamwambia, "Ingia."

Akaniangalia.

"Ingia, si wewe kocha? Si ulikuwa Mombasa? Ingia umtoe!"

"Boss, tiara itasimama, ngoja..."

"Sema ukweli! Hujui kuogelea! Sema!"

Nilimshika shati. Aibu yangu ni kwamba haikuwa hofu peke yake. Kulikuwa na raha ndani yake. Miezi nimekaa na hiki kitu, na sasa kontena liko wazi mbele yangu, kila nilichosema kimo.

Eric akasema kwa sauti ndogo, "Sijui, boss. Sijui kuogelea. Unisamehe."

Nikamwachia shati.

Halafu akageuka akaingia majini.

Kivu si kama Mwanza. Unapiga hatua chache chini panaisha. Alikwenda mpaka kiunoni, akapiga hatua nyingine, akapotea. Mikono ikatokea, ikapotea tena. Hapo ndipo akili ilinirudia. Nikaruka na nguo zangu, nikamkamata kwenye kola, akanikaba shingo, tukanywa maji wote wawili. Namna nilivyofika nchi kavu naye sikumbuki vizuri. Nakumbuka nimempiga kofi ili aniachie.

Kelele zetu zilimtoa baba mmoja kwenye migomba. Ana mtumbwi wake pembeni.

"Mutu iko wapi?" akauliza.

Nikaonyesha kule mwanyani. Akasema "Yoo!", akasukuma mtumbwi, nikaingia naye nikawa napiga kasia kwa mikono mitupu. Tulimkuta Claudine nje kabisa ya ghuba, anaelea na life jacket yake, midomo imebadilika rangi, kamba moja imemzunguka mguu. Hakulia. Aliniangalia tu.

Tukarudi Kigali. Eric alikaa nyuma amejifunga khanga ya Claudine. Tulipokaribia mjini akaanza kusema mwenyewe, bila kuulizwa. Alikuwa mlinzi kwenye nyumba ya mzungu mmoja Kinyinya. Yule mzungu alipohama alimwachia tiara zake. Akajifunza peke yake kwenye kile kiwanja, mengine kwa video. Watu wakaanza kumwita coach, akaona jina linamkaa. Kila safari ya ziwani alikuwa anatafuta sababu ya kuiahirisha, na safari hii sababu zilimwishia.

"Mombasa mimi sijafika," akasema. "Claudine, unisamehe sana."

Claudine akamjibu kwa Kinyarwanda, maneno machache, kwa upole. Sikuyapata yote.

Nyumbani Kabeza alioga muda mrefu. Alipotoka akakaa kwenye kochi akaniuliza, "Uligundua lini?"

Nikajidai sijaelewa. "Nini?"

"Kwamba hajui kuogelea. Nilikuona umemshika shati."

Nikamwambia nilishuku.

"Tangu lini?"

"Tangu Kinyinya."

"Na upepo?"

Nikamwambia niliona moshi.

Hakupandisha sauti, na heri angepandisha. Akasema, "Nilikuwa kule nawaona nyote wawili mmesimama. Niliona mnazungumza. Nikajiambia nitulie, nisitapetape, mume wangu anapanga namna ya kunitoa."

Akalikunja taulo lake mapajani.

Kisha akasema, "Eric ni mwongo. Lakini hajui kuogelea na aliingia. Wewe unajua, ukabaki unamhoji."

Akaenda kulala.

Kamau nilipomsimulia hakunicheka. Alifunga kompyuta yake, akasema, "Nilikuambia umwambie," akatoka kwenda kula bila mimi.

Hatujaachana, msianze kunipa pole za talaka. Tunakula pamoja, tunakwenda kanisani pamoja. Ila siku hizi akitaka kuniambia jambo anasita kwanza, ananiangalia, kama mtu anayejiuliza nikishalisikia nitalifanyia nini. Na ana haki ya kusita.

Jumamosi iliyopita alitoka na taulo. Nilijua anapokwenda, maana aliniambia mwenyewe. Kuna bwawa la hoteli moja hapa mjini, wameanza masomo ya kuogelea yeye na Eric. Eric akishafuzu, wanasema watarudi Kivu, safari hii na boti.

Hakunialika. Alisimama mlangoni, akasema, "Kama kuna kitu unakishuku, niambie sasa hivi kabla sijatoka."

Nikatafuta. Kwa mara ya kwanza sikuwa na kitu. Nikamwambia, "Hakuna." Nikamwona ananiangalia usoni, anakagua kama ni kweli.

Nilichojifunza ni hiki: kumshuku mtu si kosa, na nilikuwa sahihi kwa kila kitu. Lakini shaka ukiifungia moyoni ili uje ushinde nayo, kuna mtu wako anaendelea kusogea nje wakati wewe unasubiri ushahidi ukamilike. Mambo ya kazini yaacheni kazini.

Karibuni mchangie, na matusi nimejiandaa kuyapokea. Ila walio kwenye ndoa naomba mnisaidie swali moja: mwenzako akishaanza kukukagua kama wewe ulivyozoea kukagua wengine, unafanya nini mpaka akuamini tena?