Magoli Matatu ya Upande wa Kushoto

Iko Jumapili moja ya ujana wangu ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Mama yako akisikia hivyo atanuna, lakini ndivyo ilivyo. Nimeikumbuka tena jana, mwanangu, ulipoingia uani umekasirika, ukatupa njumu zako, ukasema timu yenu ina mafundi watupu na bado mmefungwa manne, na kwamba wa kulaumiwa ni mabeki, hasa namba tatu wenu uliyemtukana uwanjani. Nilikuwa kama najisikiliza mwenyewe nilipokuwa na umri wako.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa zimeanza kujaa madukani, na njumu za mtumba zinaingia kupitia mpakani Tarakea. Mimi nilikuwa nazo, na kila Jumamosi nilizipaka dawa ya viatu kama za kwendea kanisani. Timu yetu ya Kirua ilisifika mpaka Moshi mjini. Namba tisa wetu alifunga kwa kisigino, namba kumi alikuwa na chenga za kuwakalisha watu chini, na mimi, winga wa kushoto, nilikuwa na mbio ambazo leo huwezi kuziamini ukitazama magoti haya. Nyuma yangu, upande uleule wa kushoto, alicheza Evarist, namba tatu. Huyo hakuwa na madoido. Alikuwa akikaba tu, na akimaliza kukaba anakaba tena.

Jumapili hiyo walipanda vijana wa Kahe, kule tambarare, kucheza nasi baada ya misa. Alikuwepo pia mwalimu wa timu ya kiwanda kimoja cha Moshi, amekuja kutafuta wachezaji wawili. Kuchezea kiwanda maana yake ilikuwa kuajiriwa. Mimi nilitaka sifa. Evarist aliihitaji ile kazi: baba yake alikuwa amefariki, bei ya kahawa imeanguka, na wadogo zake wanne wanamtazama yeye.

Uwanja wetu, kama viwanja vingi vya huku juu, ulikuwa umeinama. Kipindi cha kwanza tulishambulia kuelekea chini, tukafunga mawili, watu wakaanza kuwacheka wageni. Kipindi cha pili Kahe wakawa wanashuka na sisi tunapanda. Hawakuwa na fundi hata mmoja wale. Ila ukigusa mpira wanakujia watatu kwa pamoja, na walio nyuma yao wanasogea kuziba. Sisi wa mbele tukipokonywa, tulisimama mikono kiunoni, tukingoja mabeki watuletee mpira mwingine. Beki wao wa kulia, aliyepaswa kuwa mtu wangu, alinipita akienda kushambulia, nami nikamtazama mgongo. Mbio zangu nilizitunza kwa ajili ya kufunga. Basi Evarist akawa anakutana na watu wawili peke yake, winga wao na huyo wa kwangu. Akimfuata huyu, yule anapiga krosi. Yakaingia matatu, yote kutoka upande wa kushoto.

Mpira ulipokwisha nilimfokea Evarist mbele ya watu, nikamwambia alikuwa amelala. Alikuwa ameinama hatua chache kutoka kwangu, anatapika kwa kuchoka. Mwalimu wa kiwanda akanisogelea, akaniuliza kama huyo beki ndivyo anavyocheza siku zote. Mwanangu, hapo nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja la kweli. Nikamwambia, "Ndivyo ulivyomwona mwenyewe." Tukachukuliwa mimi na namba tisa.

Kesho yake ilikuwa zamu yetu ya maji. Nikakuta mfongo, ule mfereji unaoyaleta kutoka mlimani, umebaki na maji ya kunawia tu, nikaanza kulalamika. Mzee Damiani, mwalimu wa timu yetu ambaye pia ndiye aliyekuwa mwangalizi wa mfongo, akaniambia nichukue jembe nimfuate. Tulipanda karibu saa nzima mpaka mahali ambapo ukingo ulikuwa umebomoka, kwenye kipande cha mtu ambaye hakutokea siku ya kazi. Maji yote yalikuwa yanaishia korongoni.

"Migomba inayokauka ni ya kwenu kule chini," alisema. "Ungeweza kusimama pale ukaitukana mpaka jioni."

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Jana magoli yaliingia kwa Evarist. Wewe ulikuwa wapi?"

"Mbele, mzee."

"Mbele unafanya nini?"

Tukaziba ukingo kwa mawe na udongo, na wakati wa kushuka aliniambia bila kugeuka kwamba mwalimu yule wa kiwanda yuko Moshi, na nauli ya kufika Moshi ninayo. Nilimwelewa vizuri sana. Sikwenda. Niliogopa kwamba nikisema kweli, nafasi atakayopewa Evarist itakuwa yangu.

Kiwandani nilicheza misimu miwili. Kila mmoja wetu alikuwa nyota wa kijijini kwake, na tulifungwa kwa namna ileile: wote tunautaka mpira, hakuna anayetaka kuutafuta ukipotea. Mimi nilijaribu kurudi kukaba, nikiyakumbuka yale maneno ya Mzee Damiani, lakini mmoja akikimbia na wenzake wamesimama, anachoka bure. Kisha kiwanda kikauzwa, timu ikafa, nikarudi nyumbani. Evarist miaka hiyo alikuwa akibeba magunia ya maharage kule Tarakea, na mgongo wake uliharibikia huko. Unamjua. Ndiye baba Glori, jirani yetu wa chini, unayemwamkia kila asubuhi akipita ameinama.

Zaidi ya miaka ishirini tumegawana maji ya mfongo mmoja, tumekunywa pombe ya mbege pamoja, na sikumwambia. Mwaka jana, siku ya kusafisha mfongo, tulipobaki wawili, nikamweleza yote: nilivyosimama, na nilichomjibu yule mwalimu. Alimaliza kutoa tope la mbele yake. Kisha akasema, "Aloisi, mimi nilikuwa nyuma yako. Nilikuona umesimama. Na ulichomjibu nilikisikia palepale."

Alijua miaka yote hiyo, na kila maji yangu yalipokatika, alipanda na jembe lake kunisaidia. Nililia, na siogopi kukwambia.

Basi nisikilize. Mpira ukikupotea, wewe ndiye beki wa kwanza. Mwendee aliyeuchukua kabla hajainua kichwa, na waite wenzako mwende pamoja, maana ukienda peke yako utapitwa. Mtu wako akikimbia, kimbia naye mpaka langoni kwenu. Goli likiingia, kabla hujafungua mdomo, jiulize ulikuwa wapi. Na huyo namba tatu wenu uliyemtukana jana, nenda kesho ukamwombe radhi, wote wawili mkiwa bado vijana. Usingoje kama mimi.

Mungu akupe miguu yenye mbio, na moyo wa kuigeuza kurudi nyuma unapohitajika. Baraka yangu nimekupa. Sasa shuka pale chini kwa baba Glori, mwamkie, ukaombe na ya kwake.