Mbolea Niliyoimaliza kwa Siku Moja

Mwanangu unayeanza kulima, maji yaliyoifanya midomo ya mtoto wetu iwe ya buluu yalikuwa maangavu, hayana harufu, na tulikuwa tumeyachemsha.

Siku hiyo haijanitoka. Tulikuwa mwaka wa pili Shirimatunda, tumeshuka kutoka mlimani kwa sababu kihamba cha baba, shamba la ukoo, kilikuwa hakigawanyiki tena. Mama alikuja na ndizi zake kumpikia mke wangu mtori, kama anavyofanyiwa kila mzazi kwetu. Maziwa ya mke wangu yalikuwa machache, hivyo mtoto, Elinami, alikorogewa ya kopo kwa maji ya kisima chetu. Hospitali walimwokoa. Daktari akaniuliza maji tunachota wapi, kisha akanieleza kwamba mbolea ikizidi shambani, mvua huishusha mpaka kwenye maji ya ardhini. Wanaiita naitreti; humnyima mtoto mchanga hewa katika damu, na moto hauiondoi.

Nilibisha kimoyomoyo. Nani pale alikuwa na mahindi ya kijani kama yangu? Nilimsimulia Mama, nikijisifu kidogo, kwamba urea yote niliimaliza siku ya kupanda, masika yakikaribia, nisihangaike kurudi. Samadi niliirundika kando ya kisima, karibu na zizi. Mlimani tulirundika popote, maana maji ya kunywa yalitujia kwa mfereji kutoka juu. Sikufikiri kwamba huku chini tunakunywa kilicho chini ya miguu yetu.

Mama aliendelea kumenya ndizi.

“Baba Elinami, huyu mtoto ungempa sufuria nzima ya mtori leo, eti kesho hutaki kupika?”

Nikacheka. Yeye hakucheka.

“Mahindi ya siku tatu yana mdomo gani? Yalichobakiza amekinywa mwanao.”

Mama hakuwahi kukaa darasa lolote la kilimo, na bibi shamba, mtaalamu wa kilimo, alipokuja baadaye alisema yaleyale, kwa maneno marefu zaidi. Hapo niliona fahari kuwa mtoto wake, na mpaka leo naiona.

Basi nikahamisha samadi mbali, nikaifunika. Urea nikaigawa: kidogo mahindi yakifika magotini, kidogo tena kabla ya kuchanua, karibu na shina, nikifukia. Kuzunguka kisima nikapanda majani ya ng'ombe, yanyonye kinachotoroka. Mavuno hayakupungua. Leo Elinami ni baba wa watoto watatu, na majirani huja kuona ninavyopima mbolea kwa kizibo cha soda.

Nakushauri hivi, mwanangu: lisha mmea kwa kadiri ya njaa yake, usiimwage mbolea mvua kubwa ikikaribia, usiiache ardhi tupu ukishavuna. Na maji ya mtoto mchanga yapimwe, usiyaamini kwa macho. Mungu akupe shamba lenye shibe na uzao wenye afya.

Kisima chetu kimepimwa mara kadhaa, na kila mara kiwango cha naitreti kinashuka. Cha jirani aliye bondeni, ambako maji yetu huelekea, hakijapimwa hata mara moja.