Uzi wa Wavu Kwenye Kila Waya

Fundi umeme wa magari pale Mwanga haamini rangi ya waya. Siku ya tatu sasa ameinama ndani ya gari la mbio lililotoka Japani bila mchoro wa nyaya zake, kompyuta ya injini ikiwa mapajani. Kila waya anaufuata kwa testa, kipima umeme chake, hadi unakoishia, na akishaujua anaufunga kipande cha uzi wa wavu. Husema polepole, "Huyu namfahamu," kisha anashika mwingine.

Leo ulibaki waya mmoja. Mzee Edson, mwenye gari, anataka kumpeleka nalo binti yake kanisani Jumamosi, siku ya harusi yake.

"Fundi, unga tu! Unauchumbia huo waya?"

Fundi akaugusisha. Injini ikanguruma, Mzee akapiga makofi. Fundi akazima.

"We fundi, una wazimu? Si limewaka!"

"Limewaka na sijui kwa nini, Mzee. Huu haukupaswa kuliwasha; basi humu kuna waya niliodhani naujua. Na atakayekaa ndani ni mwanao."

Mzee akaapa kulivuta kwa fundi mwingine kesho asubuhi. Fundi alikuwa ameshaanza kufungua nyuzi zote, moja baada ya nyingine.