Kumfundisha Binti Peremende ya Asali

Baba yake alisema likizo ikiisha mtoto achague mwenyewe: arudi kwake Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, au abaki na mimi hapa Chapwa. Binti yangu ana miaka kumi na miwili, na kwa wiki tatu hakugusia jambo hilo. Mimi nami nikajifanya sina haraka, huku roho juu.

Basi aliponiomba nimfundishe peremende ya asali, ile yenye matundu kama sega, nikajiambia huyu anabaki. Nikatoa asali ya Ileje ambayo hata wageni nilikuwa nawabania. Tuliichemsha na sukari hadi ikakolea, nikaepua, nikatia kijiko cha bekingi soda. Ikafura hadi ukingoni mwa sufuria kubwa, naye akacheka akishika tumbo. Nikaimimina kwenye sinia nililopaka mafuta.

Ilipopoa tukaanza kuivunja. Akasema, mdomo umejaa, "Nikirudi nyumbani nitampikia mama mdogo. Anapenda vitu vitamu."

Nyumbani. Nikaendelea kuvunja. Akauliza kama sufuria yoyote inafaa, maana kule wana ndogo ndogo tu. Nikamjibu inafaa. Nilijua fika itafurika. Nilitaka imshinde mbele ya huyo mama mdogo, mke wa baba yake, amkumbuke anayeijua kazi.

Jumapili baba yake akaja kumchukua. Kesho yake asubuhi nilikuwa nakoroga uji ndipo nikawaza vidole vyake, na sukari ile ambayo ikishika ngozi haibanduki. Nilijiona mchawi. Simu ya baba yake haikupatikana. Namba ya mkewe ninayo miaka miwili sasa, na sikuwahi kuipiga.

Alipopokea nikamwambia yote kwa pumzi moja: sufuria iwe kubwa, iepuliwe kwanza, mtoto asogee nyuma. Kwa nini sikumwambia mtoto mwenyewe, hilo sikulisema.

"Asante, dada," akasema. "Ananisubiri nimalize kufua tuanze. Sitabanduka kando ya mwanetu."

Siku nyingine neno hilo, mwanetu, lingenifanya nikate simu. Lakini yeye ndiye angesimama pale jikoni, si mimi, na mtoto alikuwa ameshachagua. Nikamwambia, haya, mwangalie.