Siku Ngosa Alipoacha Kunitukana

Ngosa alisimama mbele ya batu makumi ine, akanishika mikono, akaniomba musamaha. Batu bakapiga makofi. Miye nikalia.

Balifikiri ni machozi ya furaha.

Bon, niwaeleze. Miye Clémentine, muchuuzi wa samaki, wa Pweto, upande wa Kongo. Kila mwezi navuka ziwa mpaka Kabuta, upande wa Zambia, kununua samaki wadogo.

Mwaka jana nyavu za Kabuta ziliibiwa. Bavuvi bakasema ni Bakongo. Tukapigwa, bakakataa kutuuzia. Mulango mumoja tu ulibaki wazi: wa mama Ngosa, Muzambia.

Ngosa ni wa ukoo wa mamba, miye wa ukoo wa samaki. Huku na kule ya ziwa, mamba na samaki ni banungwe: tunatukanana kila siku, na siku ya kifo tunazikana. Hakuna wa kukasirika.

"Weye, huo uso uliuokota wapi leo? Ingia, bukari inapoa."

Njo vile alikuwa ananipokea, na ugali tayari mezani.

Alafu, sababu ya zile nyavu, ikaja semina ya amani. Bwana Elliot, mutu wa mujini mwenye kalamu tatu mufukoni, akapita mulangoni kwa Ngosa, akatusikia, akaandika. Siku ya tatu akamusimamisha Ngosa.

"Mama, maneno yako yanaumiza. Omba musamaha, na utie sahihi kwenye hii karatasi kwamba hautarudia."

Ngosa ni mutu wa kanisa. Akasinya.

Safari iliyofuata, aliniletea kiti.

"Karibuni, ba mayo. Safari ilikuwa muzuri?"

Ba mayo, mama wa kuheshimiwa, miye? Nilikula kimya kama mugeni, nikaondoka mapema. Roho iliniuma sana. Rafiki mumoja nilikuwa naye Kabuta, na amani ilininyang'anya.

Mwezi wa pili wa ile adabu, kaka yangu Ilunga, aliyevuka na miye, akafia Kabuta, homa ya siku mbili. Bakongo babili bakaanza kuchimba kaburi, bakachoka. Banaume ba Kabuta balisimama mbali. Nani atachimbia Mukongo? Ngosa alikuja, akakaa kichwa chini, adabu tupu.

Nikashindwa kuvumilia.

"Kaka yangu anaingia mu udongo bila hata mutu mumoja wa kumucheka?"

"Nilisinya, ba mayo."

"Itafune hiyo karatasi."

Aliniangalia. Akafunga kitenge vizuri, akashuka mu lile shimo la nusu, akalala.

"Sitoki. Huyu Ilunga alikuwa anakoroma mpaka samaki wanakimbia, njo sababu munarudi na mitumbwi mitupu. Leteni majembe, mumufunike sana, asituamushe."

Muvuvi mumoja akacheka. Kumbe naye mamba. Akaleta jembe, benzake bakamufuata. Jua lilikuwa bado juu wakati kaka yangu alizikwa, na kesho yake bavuvi bakatuuzia samaki.

Sasa sikieni. Elliot alikuwa pale makaburini. Ripoti yake ilisema: chuki imerudi Kabuta, mama Muzambia ametukana maiti ya Mukongo.

Tukaitwa semina ya pili, miye na Ngosa, kama maadui wakubwa, kila mumoja upande wake. Tulienda. Wali ulikuwa muzuri.

Elliot akaniuliza: "Mama, huyu mwenzako alikuumiza zaidi wapi?"

"Ile miezi miwili aliponiheshimu."

Hakuandika.

Ndugu zangu, mukitaka kupatanisha batu, muulize kwanza kama baligombana.