Mama Allen Alikuwa Nyuma

Ulikuwa mwaka ule soko la Kariakoo lilipoungua. La, si huo, ni uliofuata, maana wenye vizimba walikuwa wameshatawanyika, na fundi Pantaleo alikuwa ameshazika mtoto.

Pantaleo ni mtu wa Masasi. Anatengeneza cherehani kwenye baraza ya duka la vitambaa, Mtaa wa Mchikichi. Mkewe ni Leticia, lakini jina hilo mumewe alikuwa karibu kulisahau. Tangu walipojaliwa mtoto wao wa pekee, Allen, alimwita Mama Allen kama watu wote. Homa ilipomchukua Allen, jina likawa linamfika kooni linarudi. Basi akamwita mkewe "wewe." Wewe, maji yametoka? Wewe, chumvi iko wapi?

Leticia alivumilia mpaka jioni moja akasema, "Mtaa mzima unaniita Mama Allen. Ni wewe tu umenivua jina. Kama mtoto umeshamfuta, na mimi nifute, niende zangu kwa dada."

Ndipo fundi akaenda zahanati ya jirani kwa mshauri nasaha, binti anayeitwa Evelyn. Chumba kidogo, viti viwili vinatazamana.

"Unaendeleaje, baba?"

"Salama tu, mwanangu."

"Usingizi je?"

"Salama."

Wakakaa hivyo siku kadhaa, fundi anaangalia feni kama aliyeitwa kwa mjumbe kusomewa kesi. Kisha siku moja akamkuta Evelyn anamsubiri nje mlangoni. "Shikamoo baba. Leo tukanyooshe miguu."

Wakaenda bustani ya Mnazi Mmoja, wakawa wanazunguka kwenye kivuli cha miti, bega kwa bega. Hakuna wa kumkodolea macho. Mbele kulikuwa na kunguru, majani, na watu wanaokatiza na mizigo yao. Kabla hawajamaliza mzunguko, Pantaleo akasikia mdomo wake unaeleza jinsi alivyombeba mtoto mgongoni kwenda hospitali, na jinsi ile mikono ilivyolegea shingoni kwake. Alilia huku anatembea, na upepo ukamkausha.

Habari zikamfikia Mbaruku, muuza kahawa wa pale barazani. "Fundi, nasikia siku hizi unatembezwa na kabinti bustanini."

"Yule daktari wangu."

"Daktari gani hana hata kitanda?"

"Ndiyo maana napona," Pantaleo akasema, akacheka mwenyewe, kicheko ambacho pale kilikuwa hakijasikika siku nyingi.

Usingizi ulipomrudia, Evelyn akamwambia, "Sasa haya uliyoniambia mimi, kamwambie mama. Mpeleke palepale. Msikae ndani."

Jumapili baada ya misa akampeleka. Leticia akauliza wanaenda kununua nini.

"Hatununui kitu. Tunatembea tu."

Akamtazama vizuri, kisha akamfuata.

Na huko kumfuata ndiko kulikoharibu. Miaka yote Pantaleo hutembea mbele, mkewe nyuma. Ndivyo baba zake walivyotembea, na Kariakoo nayo ndivyo inavyokupitisha, mmoja mmoja katikati ya meza za watu. Hakuwaza. Akashika njia ya miti, macho mbele, na koo likafunguka. Akasema yote. Akasema alirudi kazini mapema baada ya mazishi kwa sababu cherehani zilimpigia kelele ambazo yeye hakuweza kuzipiga. "Mama Allen," akasema, "nilikuita wewe kwa kuwa jina lako lina mwanangu ndani."

Akageuka. Leticia alikuwa mbali nyuma, ameinama, anafunga kiatu au ameinama tu.

"Umenisikia?"

"Jua kali," akasema. "Turudi."

Wiki ileile Leticia akapanda basi la Masasi, kwa dada yake. Hakugomba. Alifua, akapika, akaacha chakula kimefunikwa. Pantaleo angeweza kusema tena pale chumbani, wametazamana, lakini maneno yalimgomea kama zamani. Kilichotoka kilikuwa, "Safari njema, wewe." Alikijutia kabla mkewe hajavuka kizingiti.

Siku hizi akitaka kumpigia simu hutoka kwanza, akaenda kuzunguka Mnazi Mmoja, maana ndani bado hawezi. Huwa anatembea pembeni ya njia, ameacha nafasi ubavuni. Leticia humsalimia vizuri, akamuuliza afya, akamweleza mvua za huko. Lakini kuna neno moja ambalo fundi akilileta, upande wa pili hubaki pumzi tu, mpaka salio linakwisha:

"Mama Allen, siku ile bustanini sauti yangu uliisikia mpaka wapi?"